Baiskeli Mbili, Pampu Moja

Ljupka, nilikutambua kwa kikohozi kabla ya uso.
Stendi ya Veles, saa nane mchana, Septemba,
mji mzima unanuka pilipili hoho za kuchomwa,
nami nashuka basini kwa magoti mawili ya bandia
na mfuko, na ndani ya mfuko pampu.

Hukusema karibu. Ulisema, "Umechelewa."
Miaka arobaini na saba, ukasema umechelewa,
kana kwamba ulinituma dukani chumvi.

Tulikuwa na baiskeli mbili na pampu moja.
Likizo ya chuo cha uuguzi, mwaka wa sabini na moja,
Zagreb hadi kwa mama yako, siku kumi na sita
kwenye barabara waliyoiita Udugu na Umoja,
malori yakitupuliza mtaroni kama maganda ya karanga.
Tulilala mahindini. Tikiti la wizi
ulilipasua kwa goti, tukala na mbegu zake.
Hapakuwa na mpaka hata mmoja.

Safari hii pasi yangu imekaguliwa mara nne.
Kijana mwenye nyota begani aliichomoa pampu,
akaigeuzageuza, akauliza, "Bibi, hii nini?"
Nikamwambia: deni.

Maana siku ya kuagana ilibaki begini mwangu.
Nikaandika, nitakuletea kiangazi.
Kiangazi kikaja na mume. Kikaja na watoto.
Kisha vita, na barua zikarudi
na mhuri usiosomeka,
na simu ikawa inalia upande wangu tu.
Usiku mmoja nikakaa kuhesabu watu wangu,
walio hai huku, wale wengine kule.
Wewe sikujua nikutie wapi.
Nikakuacha katikati,
na pampu juu ya kabati.

Hadi hawa madaktari wa magoti.
Binti aliyenifundisha kutembea upya alikuwa wa kwenu.
Nikamuuliza tu, kama mtu anayetupa jiwe kisimani.
"Ljupka mkunga? Yule wa kukohoa?
Ndiye aliyenizalisha mama yangu,
na bado anavuta sigara!"

Basi tumekaa chini ya mzabibu wako, tunabishana.
"Baiskeli yangu ilikuwa ya kijani," unasema.
Nyekundu, Ljupka.
"Nyekundu ilikuwa yako."
Yangu ya bluu, niliipaka mwenyewe,
rangi ikanikaa kuchani wiki nzima.
Unanitazama kama mgonjwa anayekataa sindano.

Unasema niliimba usiku kucha kwenye daraja la Morava,
mimi, ambaye hata kanisani nachezesha midomo tu.
Nasema mbwa alikuuma karibu na Nish.
Unapandisha sketi: mguu mweupe, laini, bila doa.
Kisha, bila ruhusa, mikono ile ile ya kazi,
unanipandisha suruali mimi.
"Na hili?"
Kovu ambalo wanangu wote wanajua ni la waya.
Hata mimi nilijua ni la waya.

Hapo nikakumbuka nina ushahidi.
Nikatoa picha mfukoni, nimeihifadhi kwa nailoni,
nikaiweka mezani kama karata ya mwisho:
wasichana wawili, baiskeli mbili,
mapaja ya jua, meno yote nje.
Tukainamia. Ukavaa miwani. Nikavaa yangu.

Picha ni nyeusi na nyeupe.
Baiskeli zote mbili za kijivu.

Tulicheka hadi jirani akachungulia juu ya ukuta,
hadi kikohozi kikakukunja, nikakupiga mgongo,
mgongo umekuwa mdogo, Ljupka, sikukuambia.
Kisha ukaichukua pampu,
ukaziba mdomo wake kwa kidole gumba,
ukasukuma.
"Ngozi ya ndani imekauka," ukasema. "Inataka mafuta.
Nawe umekaa nayo miaka yote, hukuitia mafuta?"
Ukainuka kuyatafuta,
unanung'unika, unakohoa
njia nzima hadi stoo.