Kizimba cha Nne

Twilumba anaingia na harufu ya kitunguu saumu
ilhali asubuhi kala mkate mkavu na chai.
"Umeivuta tena," namwambia. "Fungua dirisha."
Baridi ya Iringa inaingia bila hodi,
na mlio wa msumeno kutoka Kihesa.

Mimi ni mwosha vyupa. Miaka kumi na tisa
naosha makosa ya wenye digrii.

Seleni, ananieleza, jina lake limetoka mwezini.
Ikipungua, ndama hukakamaa, hasimami akanyonya.
Ikizidi chembe, kwato za mama yake zinachomoka.
Katikati hapo, upana wa unywele,
ndipo penye kuishi.

Akaunda tatu.
Ya kwanza, seleni inaning'inia mwisho wa mnyororo
kama mtoto mkiani mwa foleni.
Ya pili, seleni mbili zimeshikana mikono.
Ya tatu imefungiwa ndani ya pete,
kaboni huku, naitrojeni kule.
Atomi ni ile ile.

Kuna elektroni kapera, zinazozurura mwilini
zikibomoa milango ya watu.
Mbele yao ya pili ilikuwa shujaa:
zambarau ikafifia kwenye chupa, ikawa waridi,
ikawa njano tunaitazama.
Twilumba akapiga kigelegele, nikadondosha funeli.

Jumatano, panya wa kizimba cha pili hawakuamka.

Hodari wa kuzima moto,
kazima na mwenye nyumba.

Baba yangu alikuwa mgema, kule Kalenga.
Mwanzi mmoja, mbeta moja:
asubuhi togwa, mtoto anywe alale;
kesho yake mkangafu, umemlaza mtu mzima mtaroni.
Nikamwambia hivyo Twilumba. Akacheka,
kisha akaacha kucheka.
"Hapana. Ulanzi hubadilishwa na muda.
Hii haibadiliki yenyewe. Ni majirani zake."

Usiku ule alichora mpaka umeme ukakatika,
akaendelea kwa tochi ya simu:
akaing'oa naitro pembeni mwa pete,
akaisogeza oksijeni bega kwa bega na seleni
ipate pa kuegemea,
isirukie kila salfa ya protini
kama mwewe na vifaranga.

Ndiyo ya nne.
Zambarau ikafika waridi, ikagoma hapo.
"Nguvu imepungua," nikasema.
"Najua."

Leo siku ya tisa.
Panya wa kizimba cha nne anasugua masharubu,
anatafuna pumba, ananikodolea
kana kwamba nina deni lake.
Vyupa nimeviosha mara tatu kwa asetoni.

Twilumba ameinamia safu ya mwisho ya daftari,
ile ambayo wengine hukimbilia kuandika *salama*.
Anaandika *bado*.
Anapulizia vidole vyake vilivyokufa ganzi,
na ile pumzi, hadi huku niliko,
inanuka kitunguu saumu.