Gia ya Tano

Waliileta kwa kamba, asubuhi ya Jumanne,
ikivutwa na trekta la shamba la mkonge:
Datsani Zedi, milango miwili, pua ndefu
kama ya mtu anayenusa jambo kabla hajaliuliza.
Rangi yake ilikuwa ya chungwa.
Sasa ilikuwa ya kutu na ya kuku,
maana kuku walilalia humo miaka kumi na mmoja.
Kwenye kiti cha abiria nikakuta mayai matatu, mawili viza.

Mwenyewe ni Bwana Shemhilu, karani mstaafu wa mishahara.
Shamba lilipofilisika, meneja Mgiriki
hakuwa na senti ya kumlipa malimbikizo ya miezi tisa.
Akamrushia ufunguo: chukua hii, tumemalizana.
Karani akaiendesha hadi Makorora kwa gia ya kwanza,
nyingine hakuwa amefundishwa.

Nikafungua silinda hedi. Pistoni ya nne
imelika ubavuni kama sabuni ya mche
iliyosahauliwa ndani ya ndoo.
Imenoki, nikamwambia. Hii haifufuki.
"Imenoki lini?" akauliza,
kana kwamba nimempa habari ya msiba
naye anataka tarehe, aandike.

Mwanawe, Kupaza, ndiye aliyeleta ile nyingine:
ya Mark Two baluni iliyobingiria Hale,
ingali na mchanga wa mtaro kwenye feni.
Silinda sita kwa sita, akasema, kama anayechenji noti.
Lakini sita na sita hazikulingana kiuno.
Sampu iligonga krosimemba. Nikakata, nikachomelea,
nikakata tena,
muuza mbaazi wa jirani akahamisha bakuli zake, akikimbia cheche.
Mauntini nilizichonga kwa springi ya lori.
Giaboksi ya mkono ilitoka Muheza
ndani ya gunia la machungwa, ikinukia vizuri kuliko mimi.
Na waya, jamani, waya!
Zedi ilikuwa na waya chache, zote nazijua kwa majina;
injini hii ilishuka na nywele za jini
na kisanduku chake cha kufikiria,
nikakificha nyuma ya dashibodi, kwenye kaburi la saa.

Ofisi ya mapato, kijana akaiinamia kadi.
"Chesisi ile ile. Injini si yake. Rangi si yake.
Sasa hili ni gari lipi?"
Nikamwambia, mama yangu aliolewa mara tatu
na mara zote aliitwa Mwanamvua.
Akagonga muhuri.

Jumapili tukaiwasha.
Bwana Shemhilu akainamisha kichwa upande wa sikio zima.
Ile ya zamani ilikohoa mara mbili ndipo ikubali,
naye alizoea kuibembeleza: haya, mama, haya.
Hii iliitika kabla hajafungua mdomo.
Akabaki na "haya" yake kwenye ncha ya ulimi.

Nikampa usukani. Tukatoka Barabara ya Kumi na Saba,
tukavuka reli, tukaishika lami ya Pongwe.
Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu akaivuta taratibu
kama anayevuta droo yenye mishahara ya watu.
Ya nne, akauma meno
akiungoja ule mlio wa kuomba msamaha
uliomwambia miaka yote: mwisho ni hapa.
Mlio haukuja.
Mikonge ikapita. Kiwanda cha saruji kikapita.
"Fundi Mwantumu," akasema, macho barabarani,
"baada ya hapa kuna nini?"
"Kuna nyingine."
"Tangu lini?"
"Tangu Alhamisi."
Mkono ukatetema juu ya kirungu cha gia,
sijui ni uzee, sijui ni mauntini zangu.
Akakanyaga klachi.

Ile iliyonoki ingali kwangu, chini ya benchi.
Hajaichukua, wala hajasema niiuze chuma chakavu.
Akipita huingia, huuliza bei ya betri asiyoihitaji,
kisha huchuchumaa na kitambaa chake mwenyewe
akaipaka oili pistoni ya nne,
isishike kutu.