Daftari la Fundi Viatu, Barabara ya Kumi na Mbili

Daftari langu halina magoli.
Lina soli, gundi, misumari, uzi wa mkonge
niliousokota mwenyewe nikaupaka nta.
Ukurasa wa tisa, mwaka hamsini na moja:
*Semkiwa Hoza, karakana ya reli.
Daluga jozi moja, za kurithi. Zinambana.
Kutanua. Shilingi moja.*

Alikuja pekupeku, kazishika kwa kamba zake
kama mtu aliyebeba kuku wawili gulioni
asijue amuuzie nani.
Namba tatu, beki wa kushoto.
Karani Lobo, mwandika majina ya timu,
alimlipa ratili ya sukari na ruhusa ya Jumamosi;
mshahara wenyewe ulikuwa wa kupiga nyundo.

Mpira mimi nilikuwa siuoni. Jumamosi alasiri
Ngamiani nzima inataka viatu vya harusi.
Niliusikia tu, ng'ambo ya reli:
"Kizingiti! Kizingiti!"
kisha kimya, kile cha mtu aliyejikwaa.
Jumatatu kiatu kinakuja kunisimulia.
Udongo mwekundu: wamecheza Korogwe.
Mchanga mweupe kwenye mishono: Unguja.
Ngozi imechanika kidoleni: yule winga wa Mombasa
mbio anazo, adabu hana.

Hamsini na sita, mvua za vuli,
njumu za mguu wa kulia zikaanza kulika
upande mmoja, wa ndani, kama sabuni.
Nikamtazama. Akatazama barabarani.
"Goti," nikasema.
"Kiatu," akasema. "Wewe si fundi viatu?"

Nikaongeza kipande cha ngozi ndani ya kisigino,
unene wa senti kumi ya tundu.
Sikukiandika.
Akacheza misimu miwili juu ya kile kipande.
Watu wakasema Semkiwa karudi ujana,
na mimi nikaitikia, tena kwa sauti.

Siku goti lilipoachia ilikuwa mechi ya kirafiki tu,
na mabaharia wa meli iliyokuja kupakia katani.
Hakuna aliyemgusa.
Wakampitisha mbele ya kibanda changu
juu ya mkokoteni wa muuza maji,
kiatu kimoja kikining'inia,
na kile kipande kimechomoza kwenye mshono
kama ulimi.

Wenziwe husema alitundika daluga.
Hakutundika. Aliniletea nizikate.
Ya kushoto ikawa kanda za makatambuga yake.
Ya kulia akasema, "Fanya utakalo."
Ipo hapa. Naiwekea misumari.

Bado hupita asubuhi akienda kunywa kahawa,
tairi la kulia likilika upande uleule.
Deni lake, thumuni, liko palepale.
Juzi kalileta, kaliweka mezani.
Nikamwambia mikono yangu ina gundi,
alete kesho.