Sitini na Wawili

Nilianza kwa kutoboa karatasi.
Ruwi, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo,
mashine ya fotokopi ikinipulizia joto usoni
kana kwamba Juni ya nje haitoshi.
Mama akapiga simu kutoka Ibra: "Umeshakuwa wakili?"
"Bado, mama. Nambebea wakili majalada."

Mwaka wa pili nikafundishwa kusoma kifungu
kama mtu anavyochagua mchele,
kidole kikitafuta kijiwe.
Mkandarasi ana siku ishirini na nane za kutoa notisi;
ya ishirini na tisa, haki yake ni maji
yaliyokwisha kuteremka wadi.
Na zege nalo, nikaja kujua,
hungojwa ishirini na nane ndipo lipimwe nguvu.
Nondo nazijua kwa milimita,
mwiko wa mwashi sijaushika hata siku moja.

Mwaka wa nne, kesi ya hoteli ya Barka.
Masanduku arubaini na moja.
"Asila," akasema wakili Ghalib, "nipangie kwa tarehe."
Tulidai siku kumi na tisa:
saruji ilikwama bandarini, kosa si letu.

Saa nne usiku, daftari la saiti,
mwandiko wa msimamizi mmoja,
herufi zimelalia ubavu kama zimechoka.
Jumapili: mafundi sitini na watatu. Upepo.
Jumatatu: sitini na watatu. Winchi mbovu.
Jumanne: sitini na wawili.
Jumatano: sitini na wawili. Zege la ghorofa ya tano limemwagwa.

Wino uleule.
Nikarudi nyuma, nikaenda mbele:
hakuna barua ya likizo, hakuna tiketi ya ndege,
hakuna hata jina la kukosekana.
Nikabandika kijikaratasi cha manjano.
Asubuhi wakili akakibandua, kwa upole, nisimsingizie:
"Hili halihusu saruji."

Kweli. Halikuhusu saruji.
Tulipata siku kumi na saba.
Ofisini ikaletwa halwa.

Leo nina meza ya dirishani,
na kijana mpya, Miqdad, shati bado lina mikunjo ya dukani,
ananiuliza kazi hii inapanda vipi.
Kama jukwaa la mabomba, namwambia:
linapanda sambamba na jengo,
jengo likisimama, linafunguliwa,
linapakiwa kwenye lori.
Anacheka. Anadhani ni mzaha.

Namfundisha kutoboa bila kula maandishi.
Tarehe kwanza. Kisha kiasi. Kisha watu.
Ukifika kwenye watu, hesabu mara mbili.

Ndani ya droo mna fomu ya chuo cha sheria, cha jioni,
mwaka wa tatu huu, imejazwa yote
ila pale wanapouliza sababu.
Jana niliitoa.
Nikaandika neno moja, nikalikata,
nikaliandika tena:
Jumanne.