Pembe ya Chini, Kulia

Herufi zilikuwa ndogo kama sisimizi,
pembe ya chini, kulia: N. Nyakerario.
Nikazikata.
Si kwa chuki. Nembo yetu ilitaka pa kukaa,
na wafadhili walikuwa wanakuja saa nne.
Nikaongeza na mwanga, kidogo tu.

Picha yenyewe mliiona:
mwanamke, maji ya kahawia hadi mapajani,
karai kichwani, ndani ya karai mtoto amelala
kana kwamba mafuriko ni habari ya watu wengine.
Juu yake, kwa njano: CHANGIA LEO.
Ikatoka Ngara ikaenda nisikokujua.
Kwa wiki moja tukanunua magodoro arobaini.
Hesabu ipo. Risiti zipo.
Mali bila daftari, walituonya,
nasi daftari tulikuwa nalo:
la magodoro.

Jumanne akapanda ngazi zetu, ghorofa ya tatu
(lifti ilikufa kabla sijaajiriwa),
akaketi bila kuvua koti la mvua,
akailaza kamera mezani kama mtu anayelaza mgonjwa.
"Mimi ndiye zile herufi," akasema.

Nilikuwa na jibu. Kila shirika lina jibu hili,
tunalirithi pamoja na viti:
Dada, sisi hatuuzi. Hatutafuti faida.
Ni kwa ajili ya watoto.

Akaitazama mashine ya kahawa.
"Aliyewauzia hiyo, mlimwambia ni kwa ajili ya watoto?
Mwenye nyumba je? Watu wa umeme?"
Nje, fundi alikuwa anajaribu honi ya pikipiki,
anajaribu, anajaribu tena.
"Kumbe sadaka mmeniomba mimi peke yangu,
tena mmeniomba nikiwa sipo."

Nikampigia Wakili Chelagat,
anayetusaidia bure Ijumaa moja kwa mwezi,
na hiyo haikuwa Ijumaa.
Sheria ina mlango wa uani, akasema,
wa mhakiki, wa mtafiti, wa mleta habari:
unaingia, unachota kiasi, unataja ulikochota.
"Ninyi mlibeba nzima, mkafuta jina, mkaombea pesa.
Huo si mlango. Hilo ni dirisha, na mmelivunja."
Lakini iko mtandaoni, nikasema, kila mtu anaiona.
"Na nguo zangu ziko kwenye kamba.
Kila mtu anaziona."

Nyakerario alikuwa anasikia yote.
Akanipa kamera nichungulie:
doa jeupe katikati ya lenzi, kuvu,
tangu alfajiri ile ya Mukuru aliposimama majini
hadi vidole vikakataa kubonyeza.
"Sasa kila ninayempiga ana wingu usoni."

Kisha, akifunga begi:
"Na yeye, mnamjua?"
Nani?
"Mwenye karai."

Anaitwa Kalekye. Aliombwa ruhusa, maji yakipanda.
Alisema piga, lakini uso wa mwanangu usionekane.
Ndiyo maana Nyakerario alingoja kivuli
cha mabati ya jirani
kimfunike mtoto.

Kidogo tu, niliongeza mwanga.

Alitoza elfu nane, na jina lake lirudi.
Mkurugenzi akatia saini akiguna.
Picha tuliishusha, ingawa zilizokwisha kusambaa
hazina mkia wa kuzivutia.
Hakuna aliyeniambia niende kwa Kalekye.
Nilikwenda. Nilimkuta akianika godoro,
si letu. Akanisikiliza hadi mwisho,
akaligeuza upande wa pili.

Usiku huu nimebaki ofisini na folda moja.
Picha mia mbili na kumi na mbili.
Majina yake: nzuri1, nzuri2, nzuri2_mpya, tumia_hii.
Nimeanza na ya kwanza.
Mikono inamenya viazi, kisu kimekatika ncha,
kwenye kidole cha shahada, bendeji ya kitambaa cha kanga.

Ya nani?