Bado

Nyumba za maendeleo, Wete. Doa lilianza Rajabu,
dogo, ukubwa wa kitako cha kikombe,
likakua bila haraka, rangi ya majani ya chai,
hata lilipofika kwenye taa
Mize akazima taa, akatega beseni,
akalala na tiki yake, tiki, tiki,
kama mtu anayehesabu deni.

Juu anakaa Bikombo.
Tangu mchango wa pampu, elfu kumi na tano,
nani katoa, nani kasema katoa,
hawajasemeshana. Mwaka na miezi minne.
Wakikutana ngazini mmoja huangalia funguo zake,
mwengine hukumbuka kitu alichosahau chini.
Maji hayakuwa na habari.
Yalishuka kwa jirani kila siku
bila kupiga hodi.

Fundi Faki akaja na mfuko wa saruji
alioushona mkoba: spana mbili, msumeno,
katani, kopo la rangi nyekundu iliyoganda mdomoni,
na penseli sikioni ambayo sijawahi kumwona akiandikia.
Mimi nilibeba ngazi.
Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole,
akasikiliza, akasogea, akagonga tena.
"Bomba la chuma hili, kubwa langu kwa umri.
Waliolitia walishakwenda zao kwao.
Na kutu haili kwa pupa, kijana. Huchagua kiungo,
hukaa papo hapo miaka."

Akatoboa dari. Chokaa ikanimwagikia kichwani,
na kiungo kikaonekana, kimevimba, kinatoka jasho.
"Nataka mtu juu kwenye koki, mtu chini kwenye tundu.
Wawe wenye nyumba. Sisi mikono imejaa."
Uongo. Mikono yangu ilishika ngazi tu,
na ngazi ilikuwa imesimama vizuri.

Basi Bikombo akainama kwake, Mize akanyanyua uso kwake,
kati yao shibiri moja ya zege
na tundu la kupita kichwa cha paka.
Kimya. Redio ya jirani ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo.
Faki akakohoa. "Fungeni basi, tangi linakwisha."

"Sasa?"
Mize akameza mate.
"Bado."
"Sasa je?"
"Bado. Linadondoka."
"Sasa?"
"Zungusha tena... usikaze hivyo, mkono wako mzito."
"Mkono mzito nani? Aliyenivunjia mbuzi yangu
kwa nazi moja?"
Na hapo, wallahi, kitu kikacheka ndani ya tundu,
sikujua kimetokea juu au chini.

Faki akakata, akasugua, akaviringisha katani
kwa upande wa kufungia,
"ukienda kinyume, kiungo kitakutapikia usiku wa manane,"
akapaka rangi, akakaza, akangoja.
Akapitisha ukucha chini ya kiungo kutafuta unyevu.
Ukatoka mkavu.
"Haya, fungulia. Taratibu."
Bomba likatetemeka, likakohoa upepo, likatulia.

Tulirudi Jumatano kuziba.
Mize akasema saruji haijapatikana.
Wiki ya pili saruji ipo, mchanga hakuna.
Ya tatu, Bikombo mwenyewe katupokea ngazini:
"Acheni kwanza, Fundi, tuone kama halivuji."
Mlango wa Mize ulikuwa wazi.
Beseni limerudi kwenye nguo zake,
na kutoka darini, kwa uzi wa katani yetu wenyewe,
kifuko cha bizari kilikuwa kinateremka polepole,
na sauti juu inauliza: "Kimefika?"

Faki akatazama kitambo.
Akatoa penseli sikioni, akalamba ncha,
akaandika kwenye ganda la sigara: *Mize, dari. Bado.*
Akalitia mfukoni, tukashuka.

Pesa ya kuziba hatujalipwa mpaka leo.