Mlango wa Nyuma, Al Khodh

Sleyum, kabla hujashusha ngoma garini, nisikilize.
Na hao wenzako wanne waliojazana siti ya nyuma
waambie wazime redio, maneno haya ni yao zaidi.

Leo tunafungua.
Kufungua ni kufagia ukumbi kwa arusi ya jirani:
hufagii kisha ukakaa katikati.

Kwanza salamu. Yule anayekunja nyaya
kwa kiwiko na kiganja anaitwa Biju.
Si “rafiq”, si “ewe”. Biju.
Ndiye atakayeamua usiku huu kama una koo au huna.

Chumba chenye zulia jekundu si chetu.
Chetu ni ile stoo, viti vimepandana hadi dari,
friji halifungi. Kinatosha.
Halwa iliyofunikwa nailoni, maji dazeni mbili,
sambusa zilizohesabiwa
(naam, zimehesabiwa, na aliyezihesabu namjua)
ni za watu waliotua alfajiri kutoka Unguja,
macho mekundu, miguu imevimba.
Muhanna, ukitaka kusema “moja tu”,
kumbuka yule mpiga kinanda wetu kule Ibra:
alikula chenza la mwenyewe,
mpaka leo wanamwita Chenza,
na vidole vyake vyote kumi
hakuna anayevikumbuka.

Mtaona kanuni mezani, imefunikwa shali.
Nyuzi sabini na kitu, mtu kazitega moja moja.
Haiguswi.
Hiyo ndiyo kanuni, na hiyo ndiyo kanuni.

Ngoma ziache juu ya boneti mpaka tuitwe.
Agosti hii ngozi hulewa unyevu,
ukiiingiza kwenye kiyoyozi ghafla inanuna.
Fidla yangu pia; kila ikivuka kizingiti
hulia kama paka aliyekanyagwa.

Picha, omba kwanza.
Bi Tatu akiwa amevua viatu,
anasukutua maji ya chumvi na ushungi uko begani,
yule si Bi Tatu wa bango.
Ni mama wa mtu, amechoka.

Tumepewa dakika ishirini.
Vigelegele vikipigwa, inama, shuka.
Usiseme “moja ya mwisho”. Ya mwisho imeshakwisha.
Na wakipanda wao, msikimbilie shawarma.
Kumpa mwenzio kisogo anapoanza
ni tusi, ijapokuwa mdomo umefumba.

Utaniambia: lakini huu mji wetu,
wao ndio wageni.
Kweli. Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Ila bibi yangu alishuka hapa na masanduku mawili
na Kiswahili tele mdomoni, wakamwuliza, umetoka wapi?
Huko alikotoka
walikuwa wakimwuliza hivyo hivyo.
Kwa hiyo chumba cha kusubiri tunakijua, Sleyum,
adabu yake tumeinyonya na maziwa.
Hatuhitaji kujifanya wenye nyumba kwa sababu ya sambusa.

Basi, shusheni. Taratibu, huo mlango una kona.

Kuhusu mimi, kuna jambo sikuwahi kukwambia.
Mwaka wangu wa kwanza, Dubai, nilikuwa rafiki tu wa wafunguzi,
nimekuja kubeba stendi.
Nikaona kiti kitupu, nikakikalia.
Juu yake palikuwa na upinde wa fidla.
Ulilia mara moja, kama kijiti.

Mwenyewe hakunigombeza.
Aliutazama, akauweka ndani ya mkebe,
akapanda jukwaani
akapiga usiku kucha kwa kudonoa nyuzi na kidole,
na watu wakadhani ni mtindo mpya.

Ukiniona nimeegemea ukuta saa mbili nzima
na viti vimejaa tele,
usiniletee kiti.